Udongo Ulioshonwa

Mwaka ule tulikula maboga. Asubuhi boga la kuchemsha, mchana boga lililobaki asubuhi, jioni majani ya boga, na siku ya Sabato, kwa heshima ya Mungu, boga na maziwa. Mahindi yalikuwa yametoka vizuri, tukayapalilia mara ya kwanza, halafu mvua ikaondoka kama mgeni aliyechungulia sufuria akakuta maji matupu. Sisi watu wa Gesima hatujui jua. Sisi ni watu wa matope na gambuti. Jua likikaa kidogo tu tunaanza kutazamana. Hilo lilikaa mpaka chai ikaungua ncha na majani ya mahindi yakajisokota kama kamba.

Mwaka huohuo jirani yangu alikula ugali wa wimbi.

Hakujificha. Aliusonga mlango ukiwa wazi, na harufu yake, wewe unaijua kama umelelewa kwetu, ikapanda mlima ikatukuta sisi na maboga yetu. Mke wa mwanangu akaweka kijiko chini.

"Mama, huyu jirani yako ana uchawi au ana Mungu?"

"Ana kipande cha shamba," nikamwambia. "Kula boga."

Jirani huyo alikuwa fundi wa kushona nguo, na hilo ndilo jina tulilomjua nalo: Fundi. Mchungaji alimwita Fundi, chifu alimwita Fundi, na mumewe mpaka siku anakufa alimwita Fundi. Alizaliwa wapi na ukoo gani, hayo waulize watu wa kwao. Mimi nilimkuta hapo akiwa na tepu ya kupimia shingoni, na tepu hiyo aliivaa hata kanisani, juu ya nguo nyeupe ya Meza ya Bwana. Pini alizishika kwa midomo. Tulijifunza kumsikia hivyohivyo, mdomo umefungwa, kama unavyosikia redio ya jirani kupitia ukuta.

Mimi aliniita Magokoro, yaani nyanya, tangu nilipopata mjukuu wa kwanza, kwa sababu nilijivuna sana. Ndiyo, nilijivuna. Nilimbeba yule mtoto mpaka soko la Birongo siku ya soko ili watu waone masikio yake. Fundi alimpima kichwa kwa tepu akasema, "Kofia ya huyu itakula kitambaa." Sikuongea naye mpaka mtoto alipoota meno.

Alikuwa Msabato wa kweli, lakini Ijumaa alishona mpaka jua linazama, na jua la upande wake wa mlima, kwa hesabu yake, lilichelewa kuliko la kila mtu. Hakunywa chai, mtu wa Gesima, na chai iko mlangoni! Nguo za maskini alizitia viraka bure, halafu akawaambia mbele za watu kwamba makalio yao yanakula suruali. Siku moja alimpima bwana harusi kiunoni akamwambia, "Huyo unayemwoa atakuhesabia vijiko vya sukari." Yule kijana alicheka. Anahesabiwa mpaka leo.

Lakini kitu kimoja hakufanya, hata umlilie. Hakufumua nguo iliyoshonwa na mtu mwingine.

Mama mmoja alitoka Magwagwa na gauni la harusi la binti yake. Fundi wa huko alikuwa amelibana kiunoni mpaka bibi harusi alikuwa anapumua kwa mabega. Nilikuwa nimekaa pale barazani nikipukuchua maharagwe.

"Fundi, fumua yote. Ushone upya."

"Yaya," akasema. Yaya kwetu ni hapana. "Yaya. Kilichoshonwa sikifumui."

"Lakini si unaona kimeshonwa vibaya!"

"Vibaya, ndiyo. Lakini hapa sindano imeshapita. Ukifumua, unabaki na nini? Matundu. Acha kishikane kilivyoshikana, mimi nitaongeza."

Akaongeza kitambaa ubavuni, huku na huku, rangi ambayo haikufanana kabisa. Yule mama alilalamika mpaka siku ya harusi, mpaka binti yake alipoinua mikono juu akaimba na gauni likaenda naye. Hapo akanyamaza, na mwaka uliofuata wasichana wote wa Magwagwa walitaka gauni lenye ubavu wa rangi nyingine.

Sasa nikwambie habari ya kile kipande cha shamba, kwa sababu bila hicho Fundi angekuwa tu mwanamke mwenye cherehani na maneno.

Ukitoka mlangoni kwake, kilikuwa mkono wako wa kushoto, kuanzia ukuta wa nyumba mpaka ua wa jirani wa juu, ambaye ni mimi. Si kikubwa. Kwetu nani ana kikubwa? Ardhi yetu imegawanywa mpaka kuku akikimbia anavuka mashamba ya ndugu watatu. Hapo ndipo alipopanda wimbi, na wimbi ukitoka alifuatisha maharagwe, na hapo, miaka yote niliyomjua, jembe halikuingia.

Wewe hujui hilo neno lilikuwa zito kiasi gani. Mwanamke wa Kisii anajulikana kwa kulima. Mama mkwe wangu alinifundisha kugeuza udongo mara mbili mpaka uwe kama unga, na nikiacha donge alilipiga teke mbele ya wageni. "Donge ni usingizi," alikuwa anasema. Nami nililima hivyo, na nililima vizuri, hakuna mtu wa kunidanganya hapo. Fundi yeye alichora mstari mwembamba kwa ncha ya panga, akadondosha mbegu, akafunika kwa kisigino. Magugu aliyang'oa kwa vidole yakiwa machanga. Akivuna alikata shina, mzizi akauacha chini, na majani makavu akayalaza juu kama blanketi. Wanawake wakipita na vikapu vya chai walimpigia kelele:

"Fundi! Umelala mpaka na jembe limelala?"

"Jembe lenu lina njaa," alijibu na pini zake mdomoni. "Langu limeshiba."

Siku moja niliruka ua. Nilichoka kumtetea kwa watu na kumbe mimi mwenyewe sikuwa na la kusema. Nikamuuliza kwa nini anatuaibisha. Alichomeka vidole chini ya shina la wimbi, taratibu, kama anayetoa yai chini ya kuku, akainua donge la udongo mweusi. Akalipasua katikati. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui, zimepita huku na kule kati ya mizizi na majani yaliyooza.

"Unaona nini, Magokoro?"

"Ukungu."

"Huo ni uzi. Huu udongo umeshonwa. Mkono wa mzizi ni mfupi, haufiki mbali. Uzi unapita pale mkono haupiti, unaleta maji. Wewe ukiingia na jembe lako, unafumua."

Nilimwambia amekaa na cherehani mpaka anaona nguo kila mahali. Lakini lile donge lilikuwa limeshikana kama mkate. Na nikikumbuka vizuri, mvua zile kubwa za kabla ya mwaka wa maboga, matope ya kwangu yalikuwa yameshuka yote mpaka mtoni, nami nimesimama nayatazama yanavyokwenda, na udongo wa Fundi ulikuwa umebaki nyumbani kwao.

Hilo donge aliliita kiraka. Mtu akihamisha miche, akimwomba vizuri, alimpa kiraka cha kuweka chini ya kila shimo. Alisema uzi utatoka hapo utembee. Mimi nilichukua karai zima. Nikaweka viraka kwenye shamba langu, nikamwaga mbolea ya dukani mpaka udongo ukawa na chengachenga, na juu yake nikapanda kabeji. Sikuona tofauti yoyote. Nikaenda kumwambia kiraka chake ni bure kabisa.

Fundi alicheka mpaka akatema pini. "Kabeji! Kabeji na sukuma wiki hazishiki mkono wa mtu, hizo zinajitegemea. Mimi sukuma yangu iko nyuma ya jikoni, hiyo naichimba kama mwizi anatafuta pesa. Na ile mbolea uliyomwaga! Mtoto ukimlisha kwa mkono wako kutwa nzima, atatafuta rafiki wa nini?"

"Ulijuaje habari ya kabeji?"

"Nilipanda mara moja hapo kwenye wimbi. Msimu uliofuata wimbi ulinuna."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake: alifanya, akakosea, akakumbuka. Lakini hakuwa anajua yote, na mimi nilikuwepo siku alipoambiwa hivyo.

Baada ya mwaka wa maboga alikuja msichana wa kilimo kutoka Nyamira, amevaa gambuti zilizochakaa, na hiyo ilinipendeza. Alikuwa amesikia kwamba kuna mama aliyevuna wimbi wakati wa ukame. Fundi alimwonyesha donge lake kama anayeonyesha mtoto mchanga. Msichana alichuchumaa, akanusa udongo, akauvunja kidogokidogo kiganjani.

"Nyanya, udongo huu ni mzuri sana. Lakini hizi nyeupe unazoziona, nyingi ni za kuozesha majani. Zile zinazoingia ndani ya mzizi ni nyembamba kuliko hizi. Kwa macho huwezi kuziona, mpaka kwa hadubini."

Sitadanganya: nilitaka kuona Fundi akifumuliwa, angalau mara moja maishani mwangu.

Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye ukosi wa nguo yake.

"Kwa hivyo nimesifu uzi ambao si wenyewe."

"Si hizo, nyanya, lakini zenyewe zipo. Ni aina ya kuvu. Inaishi na mzizi, inauletea maji na chakula cha udongo kutoka mbali, na mmea unailipa kwa sukari unayotengeneza kwenye majani. Wote wanafaidika. Na kule kutochimba kwako, kuacha mizizi chini, kutoacha udongo uchi, ndiko kunakoitunza."

Fundi akainuka, akaenda kwenye cherehani, akarudi na suruali ya mtu iliyoshonwa nusu. Akaugeuza mshono.

"Mwanangu, tazama. Uzi huu wa juu unauona. Chini yake kuna wa bobini, huo huuoni mpaka ugeuze nguo. Wa juu peke yake, mtu akikaa tu suruali inafunguka. Basi miaka yote mimi nimekuwa nikisifu wa juu, na kazi anafanya wa bobini!" Akacheka tena, akampiga msichana begani. Yule msichana akaomba autumie mfano huo kwenye mikutano yake.

"Tumia. Lakini useme ni wa nani."

Kabla hajaondoka, msichana alituonya. Alisema kuvu hiyo si dawa ya miujiza. Mvua ikikataa kabisa, nayo inakauka. Inausaidia mmea kuvumilia, haiufundishi kuishi kwa upepo. Fundi akasema hata koti halizuii mvua yote, na bado hakuna anayetembea uchi.

Msimu uliofuata nililaza jembe upande wa chini wa shamba langu. Niliona aibu. Nilikuwa nasikia teke la mama mkwe wangu kutoka kaburini. Nikapanda wimbi juu ya viraka vya Fundi, bila kumwaga mbolea. Sikuvuna kama yeye. Lakini nilivuna, na msimu wa tatu udongo wangu ulianza kushikana. Wajukuu wangu wamekula uji wa wimbi wa shamba hilo, na masikio yao mmeyaona.

Sasa nifike mahali ambapo watu mpaka leo wanabishana njiani.

Fundi alishikwa na kifua. Mwanawe mkubwa, anayefanya kazi ofisini Kisii mjini, alimpeleka hospitali, akalazwa, akarudishwa nyumbani na maneno ya upole ambayo sisi wazee tunajua maana yake. Yule kijana ni mtu mzuri. Alileta godoro jipya. Pia alikaa na wazee wa ukoo wakapanga kaburi mapema, maana hakutaka kubishana na watu siku ya msiba.

Kwetu mwanaume huzikwa kulia mwa nyumba yake, na mwanamke kushoto. Hilo halina mjadala. Hata mtoto mdogo anajua. Na kushoto mwa nyumba ya Fundi, kuanzia ukuta mpaka ua, palikuwa na nini? Wimbi.

Fundi aliposikia, alikataa. Alisema wamzike kulia, karibu na mumewe.

Nyumba ikawaka moto. Wazee walisema anataka kuleta mkosi. Mwanawe alipiga magoti karibu na godoro. Hapa lazima nieleze kitu, maana wageni hutucheka: kwa Kikisii mama mzazi anaitwa baba, na baba mzazi anaitwa tata. Kwa hivyo kijana alikuwa analia, "Baba, nitakuzikaje upande wa wanaume? Watu watasema sikujua mama yangu ni mwanamke!" Na Fundi akageukia ukuta.

Mimi si mtu wa kuficha mwisho: alizikwa kulia. Mwanawe alilia, lakini alisimama mbele ya wazee akasema neno la mama yake ni neno. Makaburi mawili yako hapo, na wapitao husema wanayosema. Ninachotaka kusimulia ni siku waliyonituma mimi nikambadilishe mawazo. Walisema, "Wewe ndiye rafiki. Wewe humwogopi."

Nilikwenda mchana na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Walikuwa wamemtoa barazani kupata jua, karibu na cherehani iliyofunikwa kwa kanga. Tepu ilikuwa shingoni. Mkono wake wa kushoto, wimbi ulikuwa umeanza kukunja vichwa vyake kama ngumi za watoto wachanga.

"Umetumwa," akasema.

"Nimetumwa. Kunywa uji."

Akanywa. Akasifu uji, akasema una mchanga kidogo, halafu akasema sasa nianze.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba mwanawe hali chakula. Nilimwambia hao wazee hawana ubaya, wanataka alale anapostahili. "Na mimi, Fundi, nitakuwa nakupitia upande usio wako. Nitakusalimia vipi?"

"Utasema, bwakire baba." Ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Akacheka, kikohozi kikamkata. "Si wanangu wananiita baba? Basi baba amelala upande wa akina baba. Mgeni akipita hataona kosa."

"Usinichezee. Na mumeo? Umbanie mahali pake?"

"Atasogea. Kitandani hakusogea hata siku moja, sasa atasogea. Na hao wengine wa ukoo wake, nimewashonea suruali wote. Nikifika upande wao watanipisha."

Nilitaka kucheka na nililia. Hakunitazama nilivyolia, alikuwa anatazama wimbi. Akaanza kunieleza polepole, kwa pumzi fupi. Kaburi si shimo tu, alisema. Watatoa udongo mwekundu wa chini kabisa, usio na uhai, wautupe juu ya mweusi. Watu mia watakanyaga wakiimba. Halafu watajengea saruji. Na mtu wa kwanza kuja kuomba kiraka atapewa nini, kipande cha saruji?

"Mimi nitaoza popote, Magokoro. Hata kulia ninaoza vizuri. Lakini hapa pamechukua maisha yangu yote."

Nilikuwa na neno moja limebaki, nalo lilikuwa la wazee. Walinipa nilitumie mwisho. "Wamesema hawatachukua shamba lote. Watachimba pembeni tu. Kona ile ya kwenye ua wangu, kidogo tu. Upate upande wako na wimbi ubaki."

Aliniangalia kama alivyomwangalia yule mama wa Magwagwa.

"Ukitaka kufumua nguo, unaanzia wapi?"

Niliitazama ile kona. Nilijua.

"Unaanzia kwenye kona," akasema.

Upepo ulipita juu ya wimbi. Kule juu mke wa mwanangu alikuwa ananiita. Wale wazee walikuwa wameshafika kwangu, wamekaa, wanasubiri jibu. Nikachukua chupa yangu. Nikamuuliza nikawaambie nini.

Hakukuwa na pini mdomoni mwake siku hiyo, lakini aliifunga midomo kana kwamba zipo, akasema vilevile, kupitia ukuta, na nilimsikia kila neno:

"Yaya. Kilichoshonwa sikifumui."